Utangulizi: Lini Vipande Huwa Ndege?

Mtu akikuambia ameletewa barua ya kodi ya ndege, utamuuliza ndege yenyewe iko wapi. Kwa watu wanaohusika na somo hili, jibu mara nyingi ni kwamba nusu iko gereji na nusu iko sebuleni. Mabawa yametundikwa ukutani juu ya gari la familia, mkia umefunikwa shuka kuukinga na vumbi, injini bado imo ndani ya kreti iliyokuja nayo. Haijaruka, haijasimama hata kwa magurudumu yake. Lakini kule Oklahoma City, kwenye daftari la usajili la Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA), ndege hiyo ipo: ina namba na ina mwenyewe. Na jimbo anakoishi huyo mwenyewe limelisoma daftari.

Karibu kwenye somo la usajili na kodi za ndege za kujitengenezea. Ni somo dogo, na wanasheria wengi hulipita bila kugeuza shingo. Mimi nalipenda kwa sababu linatulazimisha kujibu swali ambalo kwa ndege ya kiwandani halijitokezi kabisa. Ndege ya kiwandani hutoka mlangoni ikiwa ndege. Hii ya gereji huanza ikiwa mabati na maboksi ya ribiti, na mahali fulani njiani hugeuka kuwa ndege. Ni wapi hasa? Wenye mamlaka watatu, yaani FAA, jimbo na kaunti, hulijibu swali hilo kila mmoja kwa namna yake, na karibu ugomvi wote utakaokutana nao humu unatokana na hapo.

Tuanze na jina. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema kila ndege ina utaifa wa nchi ilikosajiliwa, na haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukikaa uwanja wa Dar es Salaam au Wilson, Nairobi, utaona 5H za Tanzania na 5Y za Kenya zimeandikwa ubavuni. Marekani ni N, na nyuma ya N hufuata herufi na tarakimu zisizozidi tano. Ya kwanza ni tarakimu, wala si sifuri. Herufi zikiwepo hukaa mwishoni, moja au mbili. Herufi I na O hazitumiki kwa sababu hufanana na 1 na 0. Unaweza kujichagulia namba ikiwa haijachukuliwa, kwa hiyo anga ya Marekani imejaa herufi za mwanzo za majina ya wake na waume, na miaka ya kuzaliwa ya wajukuu. Gharama ya kusajili ni dola 5. Bei hiyo ndiyo inayowadanganya wageni wa somo hili wakadhani mambo yameishia hapo.

Nimechagua Marekani kwa sababu ndiko jambo hili lilikopevuka. Kundi la kisheria la ndege za kujitengenezea liliwekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1953 Paul Poberezny akaanzisha Milwaukee chama cha wajenzi, EAA, ambacho tangu 1970 hukusanya umati wa ndege na watu kila mwaka Oshkosh, Wisconsin. Leo wengi hawaanzi na mchoro mtupu. Wananunua seti ya vipande kutoka kampuni kama Van's Aircraft ya Oregon, kisha wanakaa nayo miaka, wengine kumi, wakitoboa, wakikwaruza kingo na kupiga ribiti moja baada ya nyingine.

Sheria inadai kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda na kuunganisha iwe imefanywa na mjenzi mwenyewe, au na kikundi cha wajenzi, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Hebu rudia maneno hayo mawili ya mwisho. Sijui sheria nyingine ya usafiri inayomuuliza mtu kama alikuwa akijiburudisha. Ushahidi ni picha na daftari la kazi: leo nimepiga ribiti za ubavu wa kushoto, saa tatu; Jumapili nimevunja nilichokosea, saa mbili. Asiyeweka daftari hilo anajitafutia maumivu ya kichwa siku mkaguzi anapokuja.

Kabla ya mkaguzi lakini huja usajili, na hapa nataka usogee karibu. Mbali na fomu ya maombi, mjenzi hujaza hati ya kiapo ya umiliki na kuisaini mbele ya ofisa wa viapo. Kama alinunua seti, anaambatanisha hati ya mauzo ya muuzaji. Hati inauliza modeli, namba ya mfululizo, aina ya injini, idadi ya viti, uzito wa juu wa kuruka. Kisha inauliza jina la mtengenezaji. Mahali ambapo kwingine huandikwa Cessna au Boeing, fundi wa gereji anaandika jina lake mwenyewe. Namba ya mfululizo pia anaitunga yeye. Ikiwa ni ndege yake ya kwanza na ameandika 1, hakuna wa kumbishia. Maneno hayo yatachongwa kwenye kibati kisichoungua kitakachofungwa mwilini mwa ndege, ili hata ikiteketea ijulikane ni ndege gani na iliundwa na nani.

Baada ya usajili ndipo huja cheti cha kufaa kuruka, cha kundi la majaribio, na neno la kutangaza majaribio hayo hubandikwa mlangoni kwa herufi zisizopungua inchi mbili. Hufuata saa za kuijaribu angani, kwa kawaida 25 au 40 kutegemea injini na propela. Hayo nayapita haraka, yana vitabu vyake. La kushika ni mpangilio: jina hutangulia, kuruka hufuata. Kwa FAA kitu kinaweza kuwa na jina la ndege hali bado hakijaruhusiwa kuruka. Katika mwanya huo ndimo barua ya kodi inamopenya.

Msomaji wa kwetu ataelewa kodi hizi kwa kufikiria nyumba. Unajenga kidogo kidogo. Ukinunua saruji na nondo, VAT imo ndani ya bei ya dukani. Ukipanga matofali kwa mikono yako, hakuna anayekutoza kwa jasho lako. Nyumba ikiisha, kodi ya majengo inaanza, na Tanzania utaikuta imekatwa kwenye umeme wa LUKU. Ndege ya gereji hupita njia hiyohiyo, isipokuwa kila jimbo lina desturi zake.

Chukua California. Kiwango cha chini cha kodi ya mauzo huko ni asilimia 7.25, na wilaya nyingi huongeza zao juu yake. Oregon, seti inakotoka, hakuna kodi ya mauzo kabisa. Mjenzi wa California akiagiza seti ikafika bila kodi, hajaponea. Jimbo lake linamdai kodi ya matumizi, pacha wa kodi ya mauzo, kwa kitu alichonunua nje akakileta kukitumia ndani. Tuseme vipande, injini na propela vimemgharimu dola 60,000. Kwa kiwango cha chini anadaiwa dola 4,350. Saa 2,000 za kazi yake hazimo, kwani hajazinunua kwa mtu. Ila akimlipa fundi mwingine amuundie mabawa, malipo hayo ya kuunda hutozwa kodi California, na wakati huohuo yanamla upande wa ile nusu ya kazi anayotakiwa kuifanya mwenyewe. Kosa moja, hasara mara mbili.

Sasa tuseme amemaliza, ameruka miaka michache, anauza kwa dola 110,000. Mnunuzi atadaiwa kodi ya matumizi kwenye bei yote, dola 7,975. Zile saa 2,000 ambazo gerejini hazikutozwa kodi sasa zimo ndani ya bei, na jimbo limechukua sehemu yake. Wanafunzi huniambia hiyo si haki. Mimi naona ni mantiki ileile iliyomsamehe mjenzi, imefika tu mwisho wake: kinachotozwa ni ununuzi.

Wa tatu ni kaunti. Mtathmini wa kaunti za California huuliza ndege ilikuwa na thamani gani tarehe 1 Januari, kisha hutoza takriban asilimia 1 kila mwaka. Hahitaji kukuvizia, maana sheria inawataka wasimamizi wa viwanja wampelekee orodha ya ndege zilizolazwa kwao. Sheria hiyohiyo husamehe vyombo vya nyumbani kama fanicha, lakini ndege imeondolewa kwenye msamaha huo. Hapo swali letu linapata bei: lile bawa lililotundikwa gereji ni chombo cha nyumbani au ni ndege? Na ikiwa ndege, ipewe thamani gani? Vitabu vya bei huwekwa kwa modeli za kiwandani; hii ina mtengenezaji mmoja aliyetengeneza moja. Wengine wamelikwepa suala hilo moja kwa moja. Sheria ya jimbo la Washington iliweka kodi ya mwaka kwa aina ya ndege badala ya thamani: dola 50 kwa ndege ya kawaida ya injini moja, dola 20 kwa ya kujitengenezea. Kwa maoni yangu huo ni uvivu wenye busara.

Ukianza kusoma hukumu na nyaraka za somo hili, weka tarehe mbele kuliko viwango. Siku seti iliponunuliwa, siku hati ya kiapo iliposainiwa, siku cheti kilipotolewa, na ndege ilikuwa wapi Januari 1. Mashauri mengi ukiyapanga kwa tarehe hizo yatajieleza yenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo wageni hulishangaa. Jina la mtengenezaji halifutiki ndege inapouzwa. Mmiliki wa kumi bado ataruka na kibati chenye jina la fundi wa kwanza, na fundi huyo akiwaza siku ndege itakapoanguka na mawakili wakasoma kibati, usingizi humruka. Ndiyo maana wapo wanaoamua kutouza. Wanaandikia Oklahoma City namba ifutwe, wanang'oa kibati, wanauza injini kwa huyu na propela kwa yule, na mabawa yanarudi kutundikwa ukutani juu ya gari la familia.