Pikapu Kuukuu Haitoshi Kufuli Moja

Katika mji wa Nanyamba, ulioko kwenye barabara itokayo Mtwara kwenda Tandahimba, pikapu ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe. Kabla ya mavuno hubeba mifuko ya salfa na mashine za kupulizia mikorosho. Msimu wa korosho unapofunguka mnamo Oktoba hubeba magunia kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi. Msimu ukiisha hubeba mihogo, samaki, saruji, na pengine mgonjwa anayewahishwa hospitali. Si chache kati ya pikapu hizo zimekwisha kula chumvi nyingi. Umri huo si aibu, kwani gari la zamani hutengenezeka kwa spana chache na fundi wa mtaani. Lakini wepesi uo huo unaompendeza fundi humpendeza pia mwizi.

MWIZI HUCHAGUA

Wako wanaodhani kwamba mwizi hutamani gari jipya linalong'aa, na kwamba pikapu iliyochubuka rangi haina wa kuitazama. Dhana hiyo haina msingi. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi iliagiza magari yawekwe kufuli la usukani, na baada ya muda mfupi agizo likayagusa hata magari yaliyokwisha kuwamo barabarani. Wizi ulipungua sana. Uingereza ilifuata mwaka 1971, lakini kwa magari mapya tu. Watafiti walipolinganisha wizi wa London wa mwaka 1969 na ule wa 1973, waliona kwamba sehemu ya magari mapya miongoni mwa yaliyoibwa ilishuka kutoka asilimia 21 hivi hadi asilimia 5. Wezi hawakuacha kazi yao. Walihamia kwenye magari ya zamani yasiyo na kufuli.

Mambo ni yale yale leo. Tangu mwaka 1998 nchi za Umoja wa Ulaya zimetaka kila gari dogo jipya liwe na kifaa cha umeme kinachozuia injini isiwake bila ufunguo wake halisi. Pikapu iliyoundwa kabla ya hapo aghalabu haina kifaa hicho. Ufunguo wake ni kipande cha chuma tu. Kwa hiyo kadiri magari mapya yanavyozidi kuwa magumu kuiba, ndivyo la zamani linavyozidi kukodolewa macho.

CHUNGUZA VITASA

Ndani ya kitasa cha gari mna vibati vidogo vinavyopandishwa na kushushwa na meno ya ufunguo. Baada ya miaka mingi ya vumbi na kuzungushwa, vibati hulika na ufunguo hulika. Ndiyo maana pikapu nyingine hufunguka kwa ufunguo wa jirani, au hata kwa bisibisi. Jaribu mwenyewe: kama ufunguo wako huchomoka injini ikiwa bado inanguruma, kitasa hicho kimekwisha. Usichonge ufunguo mwingine kwa kuiga ule uliolika, bali badilisha kitasa kizima cha kuwashia pamoja na vya milango.

Tazama pia kidirisha kidogo cha pembetatu kilichopo katika baadhi ya pikapu za zamani. Komeo lake likilegea, mkono hupenya na kufungua mlango. Wenye Land Rover za zamani wajue kwamba boneti yao hufunguliwa kutoka nje bila ufunguo. Yafaa itiwe kufuli, kwa kuwa aliyefika kwenye injini amekwisha kufika kwenye betri na nyaya.

ZUIA USUKANI, ZUIA INJINI

Kinga ya kwanza ni ile inayoonekana. Fimbo ya chuma inayounganisha usukani na pedali ya klachi, au mnyororo mnene wenye kufuli imara, humwambia mwizi kwamba hapa atapoteza muda. Mwizi huogopa muda na kelele kuliko kitu kingine chochote.

Kinga ya pili iwe ya siri, nayo hutegemea aina ya injini. Ikiwa ni ya petroli, fundi wa umeme anaweza kuficha swichi inayokata umeme wa koili. Ikiwa ina distributa, unaweza kuchomoa rota, kipande kidogo kinachoingia mfukoni, ukalala nacho. Waingereza walifanya hivyo mwaka 1940, walipoamriwa kuhakikisha kwamba adui akishuka nchini mwao hatakuta gari la kuondoka nalo.

Injini ya dizeli inataka uangalifu zaidi. Kukata umeme wa stata peke yake hakutoshi, kwa sababu watu watatu wataisukuma mteremkoni nayo itawaka. Kama pampu yake hufunguliwa kwa umeme, swichi ya siri iwekwe kwenye waya wa pampu. Kama huzimwa kwa kuvuta kamba, koki iliyofichwa kwenye bomba la dizeli ndiyo dawa. Kazi hiyo ifanywe na fundi anayeaminika, kwa waya wa unene unaostahili na fyuzi yake, ili gari lisizimike likiwa safarini wala kushika moto.

KADI IKAE NYUMBANI

Bima ndogo, ambayo sheria humtaka kila mwenye gari awe nayo, hulipa madhara aliyotendewa mtu mwingine. Gari lako likiibwa, hailipi hata senti. Familia iliyotegemea pikapu hiyo kwa karo na posho hubaki mikono mitupu katikati ya msimu. Basi usiache kadi ya gari ndani ya gari, kwa maana utakuwa umemkabidhi mwizi na hati ya kuuzia. Andika namba ya chesi na ya injini katika daftari, piga picha za gari, uziweke nyumbani. Likipotea, toa taarifa polisi saa hiyo hiyo. Mpaka wa Msumbiji u karibu, na tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa mwaka 2010 magari huvuka Ruvuma pasipo kungoja kivuko.

Mwisho, sote tu wanunuzi. Anayenunua betri au tairi kwa bei ya kutupa pasipo kuuliza ilikotoka humlea mwizi atakayerudi kwake mwenyewe. Kabla ya kununua pikapu, linganisha namba ya chesi na ile ya kwenye kadi. Zikitofautiana, rudisha fedha zako mfukoni. Na jioni ya leo, kabla hujalala, toka nje ukajaribu kila kitasa cha gari lako. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.