Mafunjo Yanayolinda Ghuba ya Chaza

Mji wa Arcata, kaskazini mwa California, Marekani, una watu wasiofika 20,000. Umekaa ukingoni mwa Ghuba ya Humboldt, ambako vijito vya maji baridi huingia baharini. Zamani majitaka ya mji yalimwagwa humo humo bila kutibiwa, na hilo si jambo dogo, kwani ghuba hiyo inaongoza California kwa ufugaji wa chaza. Chaza hula kwa kuchuja maji: vijidudu vikiwamo majini, vitakuwamo ndani yake, na vitamfikia mlaji.

Mwaka 1974 jimbo likapiga marufuku kumwaga majitaka kwenye ghuba na milango ya mito, hata yakiwa yametibiwa, isipokuwa ithibitike kwamba maji hayo yanainufaisha ghuba yenyewe. Likaletwa pendekezo la mtambo mmoja mkubwa kwa miji yote ya eneo hilo, na bomba la kupita chini ya ghuba hadi bahari kuu. Arcata ikakataa. Mhandisi Bob Gearheart na mtaalamu wa samaki George Allen, wote wa chuo kikuu cha mjini hapo, walikuwa na wazo jingine: kusafisha majitaka kwa ardhioevu ya kutengenezwa. Allen alikuwa tayari akilea samoni wachanga katika maji ya bahari yaliyochanganywa na majitaka yaliyotibiwa. Baada ya majaribio ya miaka kadhaa, ardhioevu yao ilianza kazi rasmi mwaka 1986, sehemu yake ikiwa pale palipokuwa na jalala na viwanda vya mbao.

Mji tayari ulikuwa na mabwawa ya majitaka tangu 1957, ya aina inayojulikana pia Vingunguti, Dar es Salaam. Katika mabwawa hayo jua huotesha mwani, mwani hutoa oksijeni, na bakteria huitumia kuozesha uchafu. Ni mfumo wa bei nafuu na wa kutegemewa, ila una kasoro moja inayosumbua kila mahali: maji hutoka yakiwa ya kijani, yamejaa mwani. Mwani huo ukimwagwa ghubani hufa, huoza, na kumaliza oksijeni ya samaki.

Hapo ndipo mimea ya ardhioevu inapoingia. Wengi hudhani mafunjo hunywa uchafu. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi hufanywa na vitu viwili, kivuli na utelezi. Mafunjo yakisongamana huzuia jua na upepo, hivyo mwani hukosa mwanga, hufa, na kuzama katika maji yaliyotulia. Shika ubua mmoja chini ya maji uhisi ule utelezi: ni tabaka la bakteria walioganda, wanaokula mabaki yanayopita. Hata ubua uliokufa huendelea kuwabeba. Chini zaidi, kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria wengine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, nayo hupaa hewani bila madhara. Mwishoni vijidudu vilivyobaki majini huuliwa kabla maji hayajaingia ghubani.

Leo eneo zima, lenye hekta zipatazo 124, ni bustani ya umma, na aina zaidi ya 300 za ndege zimeonekana hapo. Nadhani somo la Arcata kwa miji midogo ya pwani liko kwenye hesabu: kabla ya kuagiza mashine, pima ardhi uliyonayo na siku ambazo maji yanaweza kutulia humo. Mji usio na ardhi ya kutosha hauwezi kuiga mfumo huu, na asiambiwe mtu vinginevyo.

Arcata nayo ina deni lake. Mabwawa yamezungushiwa matuta ya udongo, tena yako chini sana, karibu usawa wa maji kujaa. Bahari inapanda na ardhi ya pale inadidimia, kiasi kwamba hakuna sehemu ya pwani ya California ambako maji yanapanda kwa kasi kama Humboldt. Mtambo wa mji wa kutibu majitaka umeanza kufanyiwa ukarabati mkubwa. Suala la matuta, na hata la kuuhamishia mtambo kwenye mwinuko, bado linajadiliwa.