Kabla pikipiki haijapita, tupime udongo

Toka mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5, njia za kwenda kwenye migodi ya Masisi na Walikale zinabadilika kila siku. Ile uliyopita asubuhi, saa tisa mvua imekwisha kuigeuza. Mchimbaji anaanza kuhatarisha maisha yake kabla hajashika nyundo: yuko nyuma ya motari, pengine wako watatu, na gunia juu. Ndiyo sababu sisi wa sendika leo tunazungumza juu ya njia.

Hata kwenye nchi za baridi watu wanapima kwanza. Kule Minnesota, Marekani, ziwa likiganda, watu wanakwenda kuvua samaki juu ya barafu na mashine za theluji. Serikali ya jimbo inawaambia: barafu safi iwe na sentimita 10 hivi kwa mtu wa miguu, na 13 mpaka 18 kwa ile mashine. Wanatoboa, wanapima, wanasonga, wanatoboa tena. Sisi hatuna barafu, tuko na udongo na miti. Lakini swali ni lile lile: hii itanibeba ao haitanibeba?

Masisi, toka Sake kupanda Mushaki na kuendelea Rubaya, tuogope milima. Miti ilikatwa, mashamba na malisho yamepanda mpaka juu, hakuna mizizi ya kushika udongo. Jua likiwaka kidogo, juu panakauka, lakini chini bado ni laini. Tuangalie upande wa bonde: ufa mrefu unaofuata barabara ni alama mbaya. Tuangalie upande wa mlima: miti iliyoanza kuinama, mawe madogo yanayoanguka yenyewe, maji machafu yanayotoka mahali ambapo jana hapakuwa maji. Ukiona mawili kati ya hayo, usisimame hapo kupiga picha. Rudi nyuma.

Walikale ni mambo mengine. Kwenye pori, jua halifiki chini, poto-poto haikauki. Dimbwi linaficha shimo, na mfereji wa magurudumu ya jana ndio unashika maji zaidi. Kata fimbo, pima kila hatua, abiria ashuke, motari asukume. Na mto unaweza kujaa hapa bila mvua hapa, kwa sababu imenyesha kule juu. Maji yakibadilika rangi na kuleta majani na vijiti, tungoje.

Kisha kuna vilalo vya miti. Watu wengi wanaangalia katikati. Tuanze kwenye ncha, pale mti unapolala juu ya udongo: ndipo unyevu unakaa, na mti unaoza toka chini wakati juu bado unaonekana mzuri. Gonga na jiwe ao mgongo wa panga. Mti mzima unalia. Uliooza unajibu kama gunia la unga. Ukiwa na mashaka, shusha mizigo, ivukishwe kwa mabega, pikipiki ipite peke yake.

Wamotari wengi wanajua haya kuliko sisi. Kwa nini basi wanapita? Kwa sababu jioni mwenye pikipiki anangoja versema yake. Kwa sababu mnunuzi anataka mawe leo. Kwa sababu mchimbaji akichelewa, nafasi yake kwenye shimo inapewa mwingine. Haraka hiyo ina bei, na anayeilipa ni yule aliye juu ya pikipiki.

Basi tunaomba mambo manne. Siku ya mvua kubwa, motari anayekataa kupita asidaiwe versema nzima. Mchimbaji aliyechelewa kwa sababu ya njia asipoteze nafasi yake. Kila koperative iwe na watu wawili wa kugonga vilalo kila wiki. Kilichooza kifungwe kwa tawi bichi, na mtu asiliondoe mpaka mti mpya umewekwa. Na franka tunazotoa kwenye kila barieri, sehemu yake irudi kama mbao na misumari.

Gunia la mawe likingoja mpaka kesho, halipungui uzito. Wandugu wamotari, wandugu wachimbaji, tusione haya kushuka.