Ubao wa Mawimbi Madogo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi asili yake ni visiwa vya bahari ya Pasifiki, Hawaii hasa, lakini siku hizi haukosi wapenzi hata katika fukwe zetu. Mzazi anapoombwa ubao na mwanawe, aghalabu hutazama bei na rangi. Sisi twaona liko swali la kutangulia: ubao huu ulijengewa wimbi gani?

Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na miamba. Wimbi litokalo bahari kuu huvunjikia mwambani, na lifikapo ufukweni huwa limekwisha kudhoofika. Isitoshe, nishati ya wimbi hufuata kipeo cha pili cha kimo chake. Maana yake, wimbi la nusu mita halina nusu ya nishati ya wimbi la mita moja, bali robo tu. Ubao mwembamba, wenye omo iliyopinda sana, hufaa mawimbi makubwa na makali. Katika wimbi dogo ubao huo huzama nusu majini na kukataa kwenda. Mtoto hudhani kuwa yeye ndiye asiyeweza, akakata tamaa. Kumbe dosari ni ya chombo.

Aliyelichunguza jambo hili kwa makini ni Bob Simmons wa California, aliyesomea uhandisi. Katika miaka ya 1940 alisoma utafiti kuhusu mashua ziendazo kasi, ambazo hupanda juu ya maji badala ya kuyapasua. Akatumia kanuni hiyo hiyo kwa mbao zake: akazifanya pana, na nyepesi kuliko magogo mazito ya zama zake. Mwaka 1967, kijana Steve Lis wa San Diego alibuni ubao mfupi na mpana, wenye tezi iliyogawanyika mfano wa mkia wa samaki, na mapezi mawili. Umbo hilo lingali linapendwa kwa mawimbi madogo.

Siri yake si ngumu kwa watu waliozoea vyombo vya bahari. Upana huupa ubao eneo kubwa la kuegemea maji. Tumbo lililonyooka, lisilopinda sana kutoka omo hadi tezi, halisukumi maji mbele yake, hivyo ubao haupotezi mwendo. Unene wa kutosha huuelea mwili, na mpigaji makasia kwa mikono hulipata wimbi mapema.

Baada ya umbo huja malighafi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mbao nyingi zimeundwa kwa povu gumu la poliyuretheni lililofunikwa faibaglasi na resini ya poliesta. Mwezi wa Disemba 2005, kiwanda cha Clark Foam huko California, kilichowauzia mafundi wengi wa Marekani povu hilo, kilifungwa ghafla, na mafundi wengi wakageukia polistirini, jamii ya lile povu jeupe lifungiwalo televisheni, pamoja na resini ya epoksi. Ubao wa namna hii kwa kawaida ni mwepesi zaidi na huelea vyema, nayo ni fadhila kubwa wimbi linapokuwa dogo. Lakini upepo ukivuma na maji yakachafuka, wepesi huo huufanya urukeruke, ilhali ule wa poliyuretheni hutulia.

Hata hivyo, malighafi haiwezi kuliokoa umbo baya. Ubao mwembamba wa epoksi utashindwa na ubao mpana wa poliesta katika wimbi la kufika magotini. Kwa hiyo mzazi atazame kwanza upana, unene na unyoofu, kisha uzito, bei na rangi zifuate. Kwa mwanafunzi, ubao mrefu wenye ngozi laini ya sponji ndio bora, kwani hata ukimgonga haumjeruhi sana.

Utunzaji nao una sehemu yake. Polistirini ikitoboka hunywa maji upesi, basi ufa uzibwe kabla ya kurudi baharini, baada ya ubao kukauka kabisa. Msiuache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa maana joto huutenganisha moyo wa povu na ganda lake.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Simmons mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, alifariki mwaka 1954 akiteleza mawimbini huko Windansea, San Diego. Ubao si boya. Mtoto ajifunze kuogelea kwanza, afungwe kamba ya mguuni, na asiingie majini bila mtu mzima anayemtazama. Ubao mzuri ununuliwe baada ya hayo.