Fimbo ya Mzazi na Zeze la Kijana

Kongwa imo katika nchi ya Wagogo, watu wa zeze na ilimba. Si ajabu basi kijana wa Kiislamu wa huko kuinukia akizipenda ala hizo. Linalotusikitisha ni pale mapenzi hayo yanapokuwa sababu ya kuchapwa, kufungiwa ndani na kunyimwa chakula, kisha mzazi akasema kuwa anamlinda mwanawe na haramu.

Tuzitenganishe hoja mbili. Kuhusu ala za muziki, wanazuoni wamehitilafiana tangu kale: wengi wamezikataza, wachache, akiwemo Ibn Hazm, wameziruhusu. Mzazi ana haki ya kushika rai iliyomtosheleza na kumwelekeza mwanawe. Lakini hakuna rai hata moja inayohalalisha dhulma.

Imepokewa na Imam Bukhari kwamba siku ya Idi Abu Bakr (r.a.) aliwakuta wasichana wawili wakiimba nyumbani kwa binti yake, Bibi Aisha (r.a.), akakemea. Mtume (s.a.w.) akamtaka awaache, kwani ilikuwa sikukuu. Kemeo lile lilikuwa la maneno tu, na hata hilo aliambiwa aliache.

Wapo pia wanaompiga mtoto ili aimbe. Mwaka 1993 mwimbaji wa Marekani, Michael Jackson, alieleza katika televisheni jinsi baba yake alivyokuwa akimpiga utotoni. Huyu hukataza, yule hulazimisha. Wote wamesahau kuwa mtoto ni amana, si mali.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban vijana 3 kati ya 4 nchini walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka huo huo inakataza mateso na adhabu iliyopita kiasi.

Nawe mwanetu, Surat Luqman inatuamrisha kukaa na wazazi kwa wema. Wema huo si kunyamaza unapoumizwa. Usimtukane baba, wala usitoroke usiku kwenda mjini usikomjua mtu. Mwendee mjomba, bibi au imamu. Wakishindwa, mwone mwalimu, afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga simu namba 116, bila malipo.

Enyi wazazi, leo baada ya swala ketini na watoto wenu, muwasikilize kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiq.