Tajriba ya Masoko katika Darasa la Chuo: Mfano wa Utalii wa Papa Potwe Kisiwani Mafia
Makala haya yanafafanua namna tajriba ya kazi ya masoko inavyoweza kufundishwa chuoni, kwa mfano wa Kisiwa cha Mafia. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi. Vitabu vya kiada husisitiza kuongeza wateja. Muuza safari mzoefu anajua kwamba samaki huyo, boti zikimsonga, huzama, na mgeni aliyeahidiwa kumwona huondoka na malalamiko. Hivyo, mkufunzi aliyetoka sokoni asiishie kusimulia mafanikio yake, bali awakabidhi wanafunzi uamuzi uleule aliozoea kuufanya: tangazo liahidi nini, na boti zipokee wageni wangapi? Wakikosea darasani, husahihishwa. Wakikosea baharini, riziki ya msimu mzima huwa hatarini.