Wanasiasa wakivutana Marekani, mtoto wa Muleba asiruke dozi

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisimamisha kwa siku 90 misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Wamarekani waligawanyika: serikali yao imhudumie nani?

Hofu ilifika Kagera, mkoa ulikogundulika ugonjwa wa Ukimwi kwa mara ya kwanza nchini, mwaka 1983. Huduma za VVU nchini zimetegemea sana mpango wa Marekani wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003.

Mzazi, au bibi unayelea mjukuu, Bukoba hadi Muleba: usipunguze vidonge ili vidumu. Dozi zikirukwa, virusi huongezeka na vinaweza kuwa sugu. Ukisikia uvumi, ulize kliniki.

Bajeti ya dawa ni jukumu la serikali yetu. Kumkumbusha mtoto kumeza dawa, saa ileile kila siku, ni letu.